Abiria Achukue Kimoja Tu

Haya yalitokea mbali sana na kwenu, msomaji wangu, kwa hiyo huna haja ya kufunga dirisha ndipo usome. Yalitokea katika Jamhuri ya Tulizana, nchi ambayo serikali yake inawapenda raia mno, kiasi kwamba haichoki kuwauliza kama kweli ni wao.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, uitwao Makuu, alikuwapo fundi cherehani mmoja, Bi Mashavu Ngoda. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita, mwili mwembamba licha ya jina, na ulimi uliochongoka kama sindano zake. Alishona sare za shule nne, na gauni za maharusi ambao wengine wao walikwisha kuachika wakarudi kushonewa za pili. Mumewe, Mzee Kibwana, alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Kila Ijumaa alisoma Gazeti la Serikali kwa hamu ile ile ambayo wenzake walisomea habari za mpira. Walikuwa na mtoto mmoja, Tunu, mwalimu wa hesabu huko Upeponi, kaskazini kabisa, mahali ambapo nchi inaishia na ramani inaanza kufifia.

Mwaka huo mafigo ya Tunu yaligoma, yote mawili.

Jumapili moja, Dakta Mwasi wa hospitali ya Upeponi alipiga simu.

"Mama, majibu yametoka. Mzee hafai kwa sababu ya sukari yake. Wewe ndiye. Figo lako na mwili wake kama vimekatwa kwenye jora moja."

"Jora ni moja, Dakta," Bi Mashavu alisema. "Nilimshona mwenyewe."

"Basi njoo upesi. Nimepata chumba cha upasuaji Alhamisi hii. Ijumaa mashine zetu zinachukuliwa kwenda kwenye Maonyesho ya Mafanikio ya Sekta ya Afya, na zitarudi baada ya miezi miwili."

"Na Tunu anaweza kungoja miezi miwili?"

"Njoo Alhamisi isipite, mama."

Kisha Tunu mwenyewe akapewa simu. Sauti ilikuwa imepungua, lakini utani ulikuwa bado mzima. "Mama, nakujua. Usije na furushi la vitenge na mitungi ya achari. Njoo na figo tu."

"Nitakuja na achari pia," Bi Mashavu akamjibu. "Na ukinijibu tena, figo narudi nalo."

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika, Bi Mashavu alibaki ameishika sikioni muda mrefu, kama mtu anayesikiliza maji ya mbali.

*

Kutoka Makuu hadi Upeponi ilikuwapo barabara ya lami, pana, nyororo, iliyokamilika mwaka wa tatu sasa. Haikuwa imezinduliwa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuikanyaga kabla ya Mlezi wa Taifa kukata utepe, na Mlezi alikuwa bado anatafutiwa mkasi wa hadhi yake. Askari walipangwa kila baada ya kilomita tano kuilinda isichakae. Njia ya zamani ilikuwa imelimwa na kupandwa maua ili kupendezesha ile mpya. Ikabaki ndege.

Nayo ndege, wiki hiyo hiyo, ilipata kanuni mpya. Mzee Kibwana alikuwa nayo mkononi, amevaa miwani yake, akaisoma kwa sauti ya darasani:

"Abiria wa safari za ndani ya nchi atachukua kitambulisho halali kimoja tu kati ya vilivyoorodheshwa. Abiria atakayekutwa na zaidi ya kimoja atahesabiwa kuwa mkusanyiko usio na kibali."

"Na atakayekutwa hana hata kimoja?"

Mzee akageuza ukurasa. "Huyo hayupo. Na hapa chini wamesema asiyekuwepo hana haki ya kulalamika."

Wakavitandaza vitambulisho vya Bi Mashavu juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya chaki na mkanda wa kupimia. Vilikuwa vitatu. Kadi ya mpiga kura, yenye picha aliyopigwa akipepesa macho. Pasipoti, aliyoichukua zamani kwa ajili ya arusi ya binamu yake ng'ambo, arusi ambayo bwana harusi aliikimbia. Na mahali pa kadi ya taifa palikuwa na karatasi yenye namba, kwa kuwa kadi zenyewe zilikuwa mwaka wa kumi na moja bado zinachapwa.

"Pasipoti ina muhuri wa dhahabu," alisema Bi Mashavu.

"Pasipoti ni ya kutokea nje. Watakuuliza unatoka kwenda wapi."

"Karatasi basi. Namba ni ya taifa."

Mzee Kibwana akaisogeza kwenye mwanga. Chini kabisa, kwa herufi za kuwatesa wazee, palikuwa pameandikwa: Karatasi hii si kitambulisho. Ni ahadi ya kitambulisho. Aliiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Chukua ya mpiga kura, Mama Tunu. Fikiria mwenyewe. Hii ndiyo kadi pekee waliyotuletea wenyewe, mpaka mlangoni, kwa gari lenye kipaza sauti. Kitu mtu anachokuletea mpaka mlangoni lazima anakithamini."

Bi Mashavu aliiona hoja hiyo ina akili. Akaitia kadi ya mpiga kura kifuani, mitungi miwili ya achari akaifunga kwenye kanga, na Jumatatu asubuhi akaenda uwanja wa ndege.

*

Mkuu wa dawati la utambuzi alikuwa Bwana Chubwi, mtu mpole kuliko wote waliopata kuajiriwa na dola ile. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Watu walizimia mbele yake, naye aliwapepea kwa faili zao wenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naenda Upeponi."

Bwana Chubwi akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaitazama kwa upendo. "Kadi safi kabisa. Uchaguzi ulikuwa lini, mama?"

"Mwaka juzi."

"Basi hapo ndipo penye tatizo letu. Kadi hii inakutambulisha siku ya uchaguzi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ikishapita saa kumi, serikali inakuwa imekwisha kukusahau. Ni kwa mujibu wa sheria, si kwa ubaya."

"Lakini mimi hapa nimesimama mbele yako. Unaniona."

"Nakuona, mama, kama Chubwi. Nikiwa kazini sikuoni." Akamrudishia kadi. "Njoo kesho na kingine. Usije na viwili, nakuomba. Sipendi kumwita askari wa kutuliza ghasia kwa ajili ya mtu mmoja."

Ndege ya Jumatatu ikaondoka. Bi Mashavu aliiangalia kupitia kioo, akaona viti vingi havina watu. Wengi waliokata tiketi walikuwa nyuma yake kwenye foleni, hawapo.

Jumanne akaja na pasipoti. Bwana Chubwi akaifungua, na uso wake ukaingiwa na huzuni ya kweli.

"Mama, Upeponi iko nchi gani?"

"Hii hii."

"Hii hii. Na pasipoti ni ya kwendea nchi nyingine. Kuna watu wako gerezani hivi sasa kwa kusema Upeponi ni nchi nyingine. Walisema kwa mdomo tu, wewe umeleta kwa maandishi."

"Pasipoti imo kwenye orodha yenu! Mume wangu ameisoma, ukurasa wa pili!"

"Imo, ndiyo. Tuliiweka ili tujue nani ataileta."

Bi Mashavu alilisogelea dawati. Alisema taratibu, neno moja moja, kama anayempimia mtu mshono: "Bwana Chubwi, mwanangu amelazwa huko. Alhamisi anapasuliwa. Mimi ndiye ninayempa figo."

"Pole sana." Alimaanisha. Hata kitambaa akatoa mfukoni. "Kwa hiyo sitakushtaki. Nitakugongea muhuri tu, maana pasipoti ikifunguliwa hapa haiwezi kufungwa bila muhuri." Akagonga. Bi Mashavu akasoma: AMETOKA NCHINI.

"Sasa hivi, mama, kisheria uko nje ya Tulizana. Na ndege za ndani ni za walio ndani. Lakini usihangaike, kurudi ni rahisi. Zunguka jengo, uingie kwa mlango wa wanaowasili."

Akazunguka jengo, jua la saa tano likimchoma utosini, mitungi ya achari mkononi. Mlango wa wanaowasili ulikuwa umefungwa, kwa sababu hapakuwa na ndege iliyowasili. Alikaa ukutani saa nne, nje ya nchi yake, akitazama wachuuzi wa nchi yake wakiuza karanga. Ndege ilipotua akaingia pamoja na abiria waliochoka.

"Unatokea wapi?" afisa wa pale akamuuliza.

"Ukutani hapo."

"Umekaa muda gani?"

"Tangu saa tano."

"Karibu tena nyumbani," afisa akasema, akagonga muhuri, na mtungi mmoja wa achari akauzuia kwa kuwa ni chakula kilichotoka nje ya nchi.

Wakati huo ndege ya Jumanne ilikuwa imekwisha kupaa kwenda Upeponi.

*

Jumatano alikwenda na mumewe, na ile karatasi. Walijua wote wawili kwamba itakataliwa.

Bwana Chubwi aliisoma mara mbili kwa sauti: "Karatasi hii si kitambulisho." Akainua macho. "Mama, hata yenyewe inakana."

Ndipo Bi Mashavu, aliyeheshimiwa mtaa mzima, aliyewakemea wateja wake kwa kuvua viatu vibaya mlangoni, alipopandisha blauzi yake upande wa kushoto mbele ya watu. Akajipiga ubavuni kwa kiganja.

"Hili hapa! Umeliona? Liko chini ya ubavu huu. Mwanangu anahitaji hili tu, hahitaji jina langu, hahitaji picha yangu. Mimi niacheni hapa hapa. Nifungeni mkitaka. Likifika hili inatosha!"

Bwana Chubwi alimwangalia, na polepole uso wake ukachanua kama wa mtu aliyepata jibu la fumbo gazetini.

"Mama," akasema, "mbona hukusema mapema? Kinachosafiri ni figo?"

"Ndiyo!"

"Halafu mwenye figo hana safari?"

"Bwana Chubwi, unataka kusema nini?" Mzee Kibwana aliuliza.

"Nasema mizigo haihitaji kitambulisho."

Ilichukua muda neno hilo kuingia. Lilipoingia, Mzee Kibwana alimshika mkewe mkono. "Hapana. Mama Tunu, wewe si begi la kufunguliwa zipu."

Bi Mashavu alikuwa amekwisha kumpigia simu Dakta Mwasi. Dakta alimtaka arudie maelezo yote tangu mwanzo. Hatimaye akasema: "Ni wazimu. Lakini likitolewa vizuri na kuwekwa kwenye barafu, nikalipata kesho kabla ya jua kuzama, nitalitumia. Kesho jua likizama, basi."

"Umesikia?" Bi Mashavu akamwambia mumewe.

"Nimesikia. Naogopa."

"Mimi pia naogopa, Baba Tunu. Mimba hukubeba wewe. Niache niibebe mpaka mwisho."

*

Tulizana ina sifa moja ambayo maadui zake hawaitaji: jambo likishakuwa na picha ya kupigwa, linakwenda haraka. Saa moja haikupita, daktari wa upasuaji akaletwa kutoka hospitali ya jeshi. Kwa kuwa chumba cha wageni mashuhuri ndicho kilichokuwa na taa nzuri na zulia lisilo na vumbi, meza ikatandikwa humo. Na alipokuwa amekwisha kulazwa, amefunikwa shuka ya kijani, mlango ukafunguliwa akaingia Waziri wa Utambuzi, Mheshimiwa Balozi Injinia Sifuni Kitwana, na wapiga picha wanane.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akaiambia ile meza. "Maadui wa maendeleo walisema kanuni yetu itawazuia Watulizana kusafiri. Leo mama huyu wa kawaida, fundi, mnyonge, anawaumbua! Anasafiri bila foleni! Anasafiri bila kitambulisho! Anasafiri bila hata kuondoka! Ninauliza, ni taifa gani lingine duniani limefika hapo?"

Hakuna aliyejua taifa lingine. Wakapiga makofi.

"Mheshimiwa," Bi Mashavu akasema kwa taabu, dawa ikimpanda, "mtasimamia lifike?"

"Mama," Waziri akasema akiangalia kamera, "litafika kabla yako."

Kitu cha mwisho alichokiona ni Bwana Chubwi akimpungia mkono kwa upole.

Figo likatoka salama. Likawekwa kwenye boksi la barafu, nalo boksi likapelekwa dawati la mizigo, ambako Bwana Chubwi alisimamia mwenyewe kujaza fomu. Palikuwa na mahali pa kuandika aina ya mzigo. Mchukuzi mmoja aliyezoea kazi alimnong'oneza aandike nyama. Nyama ilipita kila siku kwenda Upeponi, hata haifunguliwi. Lakini Bwana Chubwi alikuwa mtu mwaminifu, hajawahi kudanganya kwenye fomu. Akaandika: Sehemu ya mtu.

*

Yaliyofuata Bi Mashavu alisimuliwa na Dakta Mwasi, baadaye, kwa simu, mara moja tu. Hakutaka kuyasikia mara ya pili.

Ndege ilitua Upeponi Jumatano jioni. Dakta alikuwa pale, gari la wagonjwa likiunguruma nje. Afisa wa zamu alikuwa Bwana Ramia, kijana msafi, aliyekuwa bora katika mafunzo ya kanuni mpya, na cheti chake kilitundikwa ukutani. Aliisoma fomu, akaweka mkono juu ya boksi.

"Hapa pameandikwa sehemu ya mtu."

"Ni figo. Nipe haraka, mgonjwa anasubiri."

"Mtu ni abiria, Dakta. Sehemu ya mtu basi ni sehemu ya abiria. Huyu amesafiri bila kitambulisho."

"Hilo ni figo!"

"La nani?"

"La Mashavu Ngoda."

"Yuko wapi?"

"Amelazwa Makuu!"

"Wewe unasema Mashavu Ngoda yuko Makuu, mimi namshika hapa mkononi. Mtu mmoja, mahali pawili." Bwana Ramia alitikisa kichwa. "Hapo ndipo wenye nia mbaya wanapopitia."

Dakta alipiga magoti. Alisema hivyo wazi, kwamba alipiga magoti sakafuni na koti lake jeupe. Bwana Ramia alimsihi asimame kwa kuwa anamtia aibu, akamletea kiti. Boksi nalo akalihamisha kwenye kivuli, mbali na dirisha, maana hakuwa na roho mbaya. Akapiga simu Makuu kuomba maelekezo. Makuu hakuna aliyepokea. Wizara nzima ilikuwa kwenye tafrija ya kupongezana kwa safari ya figo.

Alhamisi asubuhi Bwana Ramia akaamua kuchukua hatua kwa utashi wake, jambo ambalo maafisa wa Tulizana hulifanya kwa nadra na ambalo baadaye alipandishwa cheo kwalo. Alisema: ikiwa kinachokosekana ni kitambulisho, basi atalipatia figo kitambulisho. Akaleta kamera. Kanuni ya picha ilitaka masikio yote mawili yaonekane. Ikabidi aandike barua ya kuomba msamaha wa masikio. Halafu alama za vidole. Halafu sahihi ya mwombaji. Kila alipokwama hakukata tamaa, na jasho lilimtoka, na kila baada ya muda alimgeukia Dakta akasema, "Tunakaribia."

Barafu iliyeyuka saa nane mchana. Dakta alinunua nyingine kwa wauza samaki, akakatazwa kuitia, kwa kuwa boksi lilikuwa kizuizini na halikuruhusiwa kuongezewa kitu.

Jua likazama.

Kadi ilitoka Ijumaa saa nne asubuhi, mashine za hospitali zikiwa zimekwisha kupakiwa kwenda kwenye maonyesho. Bwana Ramia alilikabidhi boksi kwa mikono miwili, akitabasamu, na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

Tunu alifariki Jumapili adhuhuri. Wanafunzi wake wa darasa la sita walikuwa nje ya dirisha, wamekuja na daftari zao zisahihishwe. Dakta Mwasi aliomba Tunu azikwe na figo lile, liwekwe karibu naye ndani ya sanda, na ombi likakubaliwa bila mjadala, kwa sababu lilikuwa na kitambulisho.

"Kwa hiyo uko naye, mama," Dakta alisema kwenye simu.

Bi Mashavu alikuwa kitandani, ubavu umefungwa bendeji. Hakulia. Alimwuliza kama mtungi wa achari, ule mmoja uliobaki, ambao alimpa mhudumu wa ndege kabla ya kupasuliwa, ulifika. Dakta akasema ulifika. Tunu alionja Jumamosi, kidogo tu, kwa ncha ya kijiko, akasema imezidi chumvi.

Hapo ndipo alipolia, na Mzee Kibwana akakaa sakafuni kando ya kitanda, miwani yake mkononi, akalia naye.

*

Siku ya kumi na mbili, askari wa pikipiki alileta bahasha ya Wizara. Ndani mlikuwa na barua ya Mheshimiwa Sifuni Kitwana ya kumpongeza Bi Mashavu kwa kuwa raia wa kwanza chini ya kanuni mpya kukamilisha safari ya ndani. Palikuwa pia na kadi ya taifa. Haikuwa karatasi. Ilikuwa kadi ngumu, yenye nembo inayometameta. Jina: Mashavu Ngoda. Picha: kitu cha rangi ya zambarau, nyuma yake peupe, hakina masikio. Urefu: sentimita kumi na moja. Jinsia: Kushoto.

"Itupe," alisema Mzee Kibwana. "Au nipe niichome."

Bi Mashavu aliigeuza, akaigeuza tena. "Nataka kwenda kuliona kaburi."

Uwanjani, Bwana Chubwi alisimama alipomwona. Alimpa pole ndefu, ya adabu, akamwuliza jeraha linaendeleaje, akaiweka kadi juu ya mashine. Taa ikawaka kijani, akapiga kofi dogo la furaha.

"Umeona, mama? Mambo yako sasa yamenyooka kabisa."

"Picha si mimi."

"Inatosha kuwa wewe. Na umetoka vizuri kuliko kwenye ile ya mpiga kura."

Alikaa dirishani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wake kupanda ndege. Chini aliona barabara nyeusi, haina gari hata moja, na askari wadogo kama sisimizi wakiifagia. Safari nzima ilichukua dakika arobaini na tano. Alizihesabu zote, na kwa kila moja aliposema moyoni, hii tu, mngenipa hii tu, ubavu uliokuwa mtupu ulimvuta kama uzi uliokazwa kupita kiasi.

Upeponi, Bwana Ramia alikuwa dawatini, na nyota mpya begani. Aliipokea kadi, akaitambua, uso ukajaa fahari ya fundi anayekutana na kazi ya mikono yake. Hakumtambua aliyeileta.

"Karibu sana Upeponi, mama. Swali moja tu la takwimu." Akavuta fomu iliyokuwa na visanduku viwili. "Umekuja kikazi au matembezi?"

Bi Mashavu alivisoma visanduku. Alitafuta cha tatu, hata nyuma ya karatasi.

"Nimekuja kumwona mwanangu," akasema.

"Ah, kutembelea watoto. Vizuri sana." Bwana Ramia akaweka alama kwenye Matembezi, akagonga muhuri, akamtakia mapumziko mema, kisha akamwomba asogee pembeni kidogo ili waliokuja kikazi wapite.